Ulimi wa Merina

Mimi na nyinyi wasomaji tulipoachana, Merina alikuwa anatoka getini na mfuko wake wa nguo begani, na mimi nimekaa kwenye benchi la wageni nikijiona nimefanya la maana.

Kwa wewe unayenisoma leo kwa mara ya kwanza, nitasema kwa kifupi. Mimi ni Mama Evod, jina langu la ubatizo Eufrasia. Mume wangu Dionisi ana kansa iliyoingia kwenye mifupa. Hospitali walituambia dawa ya kuponya hakuna tena, imebaki ya kupunguza maumivu. Nyumba yetu ya Malinyi ilikwenda na mafuriko. Na Dionisi ana mwili wa mtu aliyebeba mataruma ya reli ujana wake wote kule Chita, siwezi kumgeuza peke yangu. Ndiyo maana tukamleta hapa Ifakara, kwenye nyumba ya kutunzia wagonjwa wasiopona, inayosimamiwa na muuguzi mstaafu anayeitwa Mama Agnella.

Baadhi yenu mmenisimamisha sokoni mkitaka niitaje nyumba hiyo. Sitaitaja. Mkifika mwisho wa habari hii mtajua kwa nini.

Nyumba ina kamati ya ndugu wa wagonjwa. Kazi yetu ni kuangalia watu wetu wanatunzwaje na kusema. Walinichagua kwa sababu kila siku nipo.

Nami nilisema. Nilisema kwa sababu ya nilichokisikia dirishani, siku ile naanua shuka. Ndani, Merina alikuwa anamwosha Dionisi miguu. Akamwambia, kwa sauti ya kawaida kabisa kama mtu anayeulizia habari za shamba:

"Mzee, bado upo tu? Jana nimepika pilau ya msiba wako, watu wamekaa na vijiko mkononi, wewe hufi. Umeniaibisha."

Halafu akaendelea:

"Na kaburi nimelilalia mwenyewe kulipima. Halitakutosha. Miguu yako mirefu kama ya korongo, itabidi tukukunje."

Nikachungulia. Dionisi alikuwa amejifunika shuka mpaka usoni, mabega yanatikisika. Nikajua analia.

Merina nilimjua kwa Kindamba, lugha ya kwetu Malinyi. Siku ya kwanza nilimsalimia Kindamba, akaitikia kwa ufasaha kuliko wajukuu zangu. Nikasema moyoni, huyu ni binti wa kwetu, basi Dionisi kwake ni baba. Sasa mtoto wa kwetu kumwambia baba maneno hayo, tena baba asiyeweza kuinuka akaondoka, kwangu ulikuwa ukatili.

Nikasimama mbele ya kamati, nikaeleza, nikalia. Merina akaitwa.

"Ulisema?" Mama Agnella alimuuliza.

"Nilisema. Ila mama, mimi na yule mzee…"

"Mwanangu," nikamkatiza, "baada ya maneno yale umebakiza neno gani?"

Akaniangalia. Akaenda kukusanya nguo zake.

Mpaka hapo mlikuwa mnajua. Sasa sikilizeni yaliyofuata.

Jioni ile Dionisi alikataa uji.

Aliyebaki upande wetu ni Paulina, binti mwenye sauti ya kubembelezea watoto wachanga. Nikifika huniletea kiti kabla sijaomba. Mvua ikinyesha hunisindikiza na mwavuli mpaka barabarani, yeye mwenyewe akarudi amelowa. Siku hizo nilimwona malaika.

"Baba, kunywa kidogo," alimwambia Dionisi. "Utapata nguvu. Utapona, baba yangu."

Dionisi akageuzia uso ukutani.

"Usilie tena," nikamwambia. "Yule binti nimeshamfukuzisha."

Hakujibu. Kesho yake hakujibu. Keshokutwa nikamletea perege wa kuchemsha, samaki anayempenda tangu uchumba wetu. Akafumba macho. Nikasema moyoni, matusi ya yule msichana yameingia ndani sana, yatachukua muda kutoka.

Sasa, mimi nyumba ya wagonjwa siipimi kwa vigae. Nikiingia naangalia visigino. Naangalia kinywa kama kina ukoko. Naangalia kikombe cha maji kimewekwa mahali mkono wa mgonjwa unapofika, au kimewekwa kwa ajili ya wageni wakione. Kwa vipimo hivyo nyumba ile ilikuwa imefaulu tangu tulipofika.

Siku ya nne tangu Merina aondoke, kikombe kilikuwa mahali pake na kinywa kilikuwa safi. Lakini nilipoinama kumbusu Dionisi nikasikia harufu.

Nikafunua shuka. Kwenye nyonga ya kushoto kulikuwa na kidonda, chekundu, kimeanza kufunguka katikati.

"Paulina," nikaita.

Alikuja anakimbia. Alipoona nimefunua, akasimama pale pale mlangoni.

"Bibi, nisamehe."

"Hiki ni cha lini?"

"Nilikiona juzi. Nikakisafisha, nikakipaka dawa, nikaogopa kusema."

"Humgeuzi?"

"Namgeuza bibi, ila simuwezi. Nikiwa na Merina tulikuwa tunahesabu moja, mbili, yeye mabega mimi nyonga, anageuka kama mtoto. Sasa niko peke yangu upande wote huu. Mtu mpya hajapatikana, na Mama Agnella mgongo wake mnaujua. Juzi nilijaribu mwenyewe, nikamburuta. Ngozi ikachubuka."

"Mbona hukuniita nikusaidie?"

"Ndugu hamruhusiwi kunyanyua mgonjwa. Si ndiyo sheria mliyoipitisha kwenye kamati yenu, baada ya yule mama kuanguka na mgonjwa wake?"

Ni kweli. Tuliipitisha, na mimi nilinyoosha mkono.

Nikakaa. Paulina akanifuta miguu tope kwa kitambaa, huku yeye ndiye anayelia. Nilipata uchungu ambao sijui niuelezeje. Jozi moja ya mikono ilikuwa imeondoka nyumba ile, na aliyeiondoa ni mimi.

Paulina alipotoka nikamwinamia Dionisi sikioni.

"Baba Evod. Yule Merina alikuwa anakuumiza?"

Akafungua macho. Ndiyo siku aliyonisemesha.

"Umemfukuza mtani wangu."

"Mtani gani? Si Mndamba mwenzangu yule?"

"Baba yake Mngoni wa Songea. Alikuja Malinyi kulima mpunga, binti akakulia huko huko. Kindamba chako hicho amekiokota mtoni na wenzake."

Nyinyi wa bonde hili hamhitaji kuambiwa. Dionisi ni Mhehe, na Mhehe na Mngoni ni watani tangu mababu walipochoka kupigana. Mngoni akiingia kwenye msiba wa Mhehe analala kaburini, anasema hazikwi mtu mpaka apewe chake. Anabeba sufuria ya wali na kuondoka nayo, na hakuna wa kukasirika. Nimeolewa kwa Wahehe, nimeyaona hayo miaka yote. Na bado nilisimama mbele ya watu nikaita utani matusi, kwa sababu ya salamu za Kindamba.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Uliniuliza? Ulikuja umeshamaliza."

"Ulikuwa unalia, Dionisi. Nilikuona kwa macho yangu."

"Nilikuwa nacheka. Nilijifunika kwa sababu nikicheka mbavu zinauma." Akapumzika kidogo, kisha akaendelea. "Wewe unaniambia nitapona. Evod kwenye simu ananiambia nitapona. Huyo Paulina naye hivyo hivyo. Mimi nakufa, Mama Evod. Mtu pekee aliyekuwa anazungumza na mimi habari hiyo ni Merina."

Akageukia ukuta tena. Shingo tu ndiyo iliyogeuka. Mwili ulibaki pale pale juu ya kidonda.

Asubuhi nikapanda bodaboda mpaka Katindiuka, anakoishi Merina.

Nilimkuta shambani kando ya nyumba yake, matope yamemfika magotini, anapalilia mpunga. Aliponiona alisimama wima, akashika kiuno. Nikajua sasa nitaambiwa. Lakini akatoka majini, akanawa mikono, akaja.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu."

Akaniletea kigoda, akakifuta kwa kanga yake mwenyewe. Akaingia ndani, akatoka na kikombe cha uji. Sikuweza kuunywa. Nikasema niliyokwenda kusema, bila kuzunguka. Nikasema nimekosa, nikasema kwa nini, nikasema kuhusu kidonda.

Aliposikia kidonda akakaa chini.

"Upande gani?"

"Kushoto."

"Upande anaoupenda kulalia. Usipomtoa mwenyewe hatoki." Akakwangua tope mguuni. "Bibi, nitakudanganya nikisema sina kinyongo. Kinyongo ninacho. Siku ile nilitembea na mfuko wangu mpaka hapa, na kila niliyekutana naye njiani alikuwa ameshasikia kwamba Merina anatukana wanaokufa."

"Najua."

"Hujui. Mama mkwe wangu hajanisemesha mpaka leo. Anasema mimi nitamfanyia nini yeye akiugua."

Akachukua kikombe changu cha uji, akaona umepoa, akaniongezea wa moto.

"Siku ya kwanza nilipomwona mzee wako," akasema, "alikuwa amekaza taya kwa maumivu, hataki kuguswa. Nikamuuliza, wewe mzee kabila gani? Akasema Mhehe. Nikamwambia, basi tulia nikuoshe, mimi Mngoni nimekusubiri miaka mingi nije nikuzike. Bibi, akacheka. Akalegea. Nikamwosha mpaka mgongoni. Toka siku hiyo nikitaka kumgusa panapouma naanza na kaburi."

"Rudi mwanangu. Nitasema mbele ya wote kwamba nilikosea."

"Kazini sirudi bila kuitwa. Lakini kumwona mtani wangu mgonjwa, hilo sihitaji barua ya mtu. Tangulia. Nikitoa matope haya nakuja."

Nilirudi na moyo mwepesi. Haukudumu. Nje ya geti kulikuwa na gari la Evod.

Evod ni mwanangu wa kwanza, anafanya kazi Dar es Salaam. Ni mtoto mzuri, nisije nikamsema vibaya. Nilimkuta chumba cha wageni, amesimama, funguo za gari zinachezacheza mkononi. Mama Agnella amekaa. Paulina yuko pembeni, macho yamevimba.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Karibu."

"Mama, umekiona kidonda cha mzee?"

"Nimekiona."

"Ukanyamaza? Mimi nimefunua shuka nikataka kutapika. Halafu huyu dada ananiambia aliogopa kusema. Aliogopa. Mtu anaozea kitandani, yeye anaogopa."

Paulina akaangalia sakafu.

"Nimetafuta nyumba Dar," Evod akaendelea. "Vigae, mashine za oksijeni, daktari anapita kila siku. Chumbani kuna kamera, namwona baba kwenye simu yangu nikiwa ofisini. Leo naondoka naye. Siti ya nyuma nimeshailaza."

"Na kumgeuza huko nani?"

"Wafanyakazi, mama. Wana sare, wamesomea."

"Uliwaona wakimgeuza mtu?"

"Niliona picha."

"Baba, mifupa ya baba yako haiwezi barabara ndefu hivyo. Akikohoa tu analia."

"Kuliko kubaki hapa na huyu? Basi Mama Agnella achague. Huyu dada aondoke leo, au baba aondoke leo."

Mama Agnella hakumjibu Evod. Alinigeukia mimi.

"Mama Evod, wewe ulisema Merina aondoke, tukakusikiliza. Sasa mwanao anasema Paulina aondoke. Wewe ni mjumbe. Unasemaje?"

Paulina alikuwa ametoka kidogo, sasa amerudi amebeba kiti. Hata katika hali ile alikuwa ameniona nimesimama, akaniletea kiti.

Sikukaa.

"Kidonda kile nimekileta mimi," nikasema.

"Mama, usianze kutetea watu," Evod akasema.

"Simtetei mtu. Kumgeuza baba yako kunataka watu wawili. Mmoja nilimfukuza kwa jambo nisilolijua. Huyu amebaki peke yake, amejaribu, amemchubua. Ukimwondoa na huyu, kesho watahitajika wawili na hakutakuwa hata mmoja."

"Kwa hiyo kosa ni lako."

"Langu."

Evod akafungua mdomo. Wakati huo tukasikia sauti kutoka chumbani. Ilikuwa sauti kavu, ya kukatika katika, kama mtu anayekwaruza sufuria. Nilichelewa kuijua. Dionisi alikuwa anacheka.

Tukaenda wote.

Merina amekaa kwenye ukingo wa kitanda, nywele bado zina maji. Ameshika mguu wa Dionisi anausugua mafuta.

"Nimeondoka kidogo tu," alikuwa anasema, "wewe umeamua kuoza kabla ya kufa. Wahehe hamna utaratibu. Watu wa kwetu wanakufa kwanza."

"Mngoni, umekuja kuniosha au kunizika?" Sauti ya Dionisi ilikuwa ndogo, lakini ilikuwa sauti.

"Vyote. Nianze na kipi?"

Nilimtazama Evod usoni. Niliona uso wangu mwenyewe, ule wa siku ya dirishani.

"Wewe ndiye Merina," akasema. "Uliyefukuzwa kwa matusi."

"Ndiye. Na wewe ni Evod, Mhehe mdogo. Mbona hunisalimii?" Akanyanyuka, na kabla Evod hajajua afanye nini, akamchomoa funguo za gari mkononi. "Hizi ni zangu mpaka uzikomboe."

"Dada, rudisha funguo."

"Mtani haitwi dada."

"Mama, huyu mtu ananinyang'anya mbele yako."

"Hakunyang'anyi, baba. Huyu ni Mngoni."

"Mimi mambo ya kabila siyajui. Sina mtani mimi."

"Unaye," Dionisi akasema kutoka kitandani. "Ulikuwa Dar. Mkapishana."

Evod akatoa pochi. "Haya, sema. Unataka shilingi ngapi?"

Merina akacheka. "Rudisha pochi yako, itapata mafua. Saa ya kumgeuza mzee imefika. Mgeuze baba yako, nikupe funguo zako, umpeleke unakotaka."

Evod aliniangalia, akamwangalia Mama Agnella. Mama Agnella alikuwa mlangoni.

Akavua saa, akaiweka dirishani. Akamshika baba yake mabega, akavuta. Dionisi akatoa mlio ambao sitaki kuuandika. Evod akaachia kama aliyeshika chungu cha moto.

"Baba, samahani. Samahani baba."

"Mfupa mtupu huo," Dionisi akasema, anahema. "Ungenibeba nikiwa na nyama."

"Tena," Merina akasema. Safari hii hakuwa na mzaha. "Usivute. Mkunje goti kwanza."

Sijui kama kuna aliyeona nilichokiona. Kabla ya kumgusa baba yake mara ya pili, Evod alisugua viganja vyake vipate joto. Hilo hakufundishwa na mtu.

Akajaribu, mwili ukasogea kidogo ukarudi. Jasho lilikuwa linamtoka. Akanigeukia.

"Mama, shika nyonga."

Mama Agnella angeweza kunikataza kwa ile sheria yetu. Akaangalia pembeni. Nikashika. Merina akahesabu moja, mbili, na Dionisi akageuka. Kidonda kikawa usoni pa Evod, karibu kuliko picha yoyote. Akakitazama. Akavuta mto, akauegemeza mgongoni mwa baba yake taratibu. Kisha akatafuta Paulina yuko wapi.

"Ulikuwa unafanya hivi peke yako?"

"Ndiyo kaka."

Akainamisha kichwa. Nikasema moyoni, Mungu wangu, yamekwisha. Merina atarudi, Paulina atakaa, Dionisi atakula perege.

"Merina," Mama Agnella akasema, "nani amekufungulia geti?"

"Mimi, mama," Paulina akajibu kabla ya mwenzake.

Mama Agnella akavuta pumzi. "Ndugu wa chumba cha pili wamekuona unapita. Tangu hapo simu yangu hailali. Wanasema akirudi kazini mtu anayetukana wagonjwa, wanaondoa watu wao wote."

"Nitawaeleza," nikasema. "Niitie kamati sasa hivi. Nitawaambia ni utani."

"Utawaambia, Mama Evod, na wengine watakuelewa. Lakini kuna Wasukuma mle, kuna watu wa pwani, kuna mama mmoja mumewe hajui hata kama anakufa. Mama huyo anaogopa mumewe asije akaambiwa habari za kaburi. Wewe uliwalilia. Wamekiamini kilio chako, na mimi siwezi kuwaambia waache kukiamini kwa siku moja."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo Merina anatoka. Nitatafuta mtu mwingine wa kusaidiana na Paulina. Sijui lini."

Merina hakubishana. Akafunika chupa ya mafuta, akaiweka mahali mkono wa Paulina utakapoipata. Akamshika Dionisi kidole gumba cha mguu.

"Haya mzee, nimefukuzwa mara ya pili. Ukifa uniite."

"Kwako kuna kitanda?" Dionisi akauliza.

"Kuna mkeka, na godoro la mtoto, na paka ana wivu."

"Na mahali pa kaburi?"

"Nyuma ya bwawa la kambale. Vyura watakuimbia."

"Basi anayetoka atoke na mimi." Akafumba macho, akakusanya nguvu. "Evod, washa gari. Usinipeleke Dar. Nipeleke Katindiuka."

"Baba, kwa huyu? Kwenye nyumba ya udongo, mkekani?"

"Kwa mtani wangu."

Merina alikuwa ameduwaa. Nadhani alikuwa ametania, na mtu ameupokea utani kwa mikono miwili. Akanyoosha mkono na funguo, lakini hakumpa Evod. Aliniwekea mimi kiganjani.

"Bibi, mimi nitampokea," akasema polepole. "Evod atanisaidia kumgeuza akiwepo, na wewe baadaye. Mama mkwe atasema, ataacha. Lakini wewe ndiye useme."

"Mama," Evod akasema, "nipe funguo. Twende naye Dar, huko kuna kila kitu."

Nikazifumbata.

Mama Agnella akaja karibu, akanishika bega. Hakuwa na hasira. Laiti angekuwa na hasira, ningejua la kumjibu.

"Mama Evod, sikiliza kabla hujasema. Ile dawa yake ya maumivu inabaki kwenye kabati la nyumba hii. Haitoki nje ya geti, hata mimi siruhusiwi kuitoa. Kule Dar pengine wanayo, lakini mpaka afike ni barabara ya siku nzima. Hii aliyokunywa mchana itaisha nguvu jua likizama. Akianza kuumwa huko Katindiuka, utampa nini?"

Dionisi alifungua macho, akanitazama kwa utulivu kabisa, kama mtu aliyeuliza swali dogo la chumvi au la maji, anasubiri tu nimjibu.